Jina langu lilitoka kwenye tenga la samaki

Kuna dogo mmoja wa Gungu hapa hapa Kigoma, anaanza u-DJ kama mimi, tangu wiki iliyopita ananitumia meseji kila siku, kaka naomba unielekeze namna ya kujibrandi, mi mashine nishanunua, jina nishapata, logo nishatengenezewa na mshkaji wangu, sasa mbona simu haiiti? Nikaanza kumjibu WhatsApp, ikawa ndefu mpaka kidole gumba kikauma, nikaona bora niandike huku mara moja maana najua hayuko peke yake.

Kwanza dogo pole, hilo swali hata mimi nililala nalo sana.

Nilipoanza nilijiita DJ Smart. Ndio cheka. Nilikuwa na tisheti imeandikwa DJ Smart mgongoni, kofia ya DJ Smart, na logo yenye hedifoni na moto unawaka pembeni, sijui ule moto ulikuwa wa nini. Alafu siku moja jamaa anatafuta namba yangu anitafutie kazi, kaingia intaneti kaandika DJ Smart, kaletewa kina DJ Smart kibao, wa Nairobi, wa Lagos, wa wapi huko, mimi wa Mwanga Kigoma sipo hata ukiteremka chini mpaka betri iishe. Yule jamaa akampa kazi mtu mwingine. Kwahiyo kabla hujalipia logo we nenda kaliandike jina lako kwenye intaneti uone ni nani mwingine analala humo ndani.

Na kuna balaa lingine la huku kwetu, ukisema we ni DJ swali la kwanza ni "unatafsiri muvi zipi?" maana kwa watu wengi hasa watoto na wazee DJ ni yule wa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea vidio, anayeongea juu ya muvi ya Kikorea. Bibi yangu mpaka leo akiulizwa mjukuu wako anafanya kazi gani anasema anapiga mziki wa harusi, neno DJ halitaki kabisa, na kiukweli yeye ndo anaelezea kazi yangu vizuri kuliko ile bio yangu ya Instagram ya enzi zile.

Sasa jina nililonalo lilikujaje. Baba yangu ni muuza migebuka, wale samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, pale mwaloni Kibirizi, toka nazaliwa. Ile sherehe ya kwanza kulipwa ilikuwa harusi Ujiji, mwezi wa Shaabani, na mnajua Shaabani ya Ujiji ilivyo, kila mtaa una harusi kwasababu Ramadhani ikiingia hakuna ngoma tena mpaka Idi. Mvua ilikuwa inanyesha, sina begi la maana, laptopu ya kuazima na mixa ndogo na nyaya zangu nikazifunga kwenye nailoni nikazitumbukiza kwenye tenga la baba, tukapakia kwenye pikipiki mpaka ukumbini. Mi nilikuwa nimezoea ile harufu siisikii. Nimefika nimepanga vitu, nimewasha, ukumbi umeanza kujaa, akapita mama mmoja wa upande wa bi harusi, kavaa kitenge kimekaa, akasimama mbele yangu akavuta pumzi, akageuka akauliza kwa sauti ambayo hata spika zangu hazikuwa nayo, "Jamani nani kaleta migebuka huku, chakula si tumeagiza kuku?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitamani niingie chini ya meza. Mpaka usiku unaisha nilikuwa "yule DJ wa migebuka", wanakuja kuomba nyimbo, "we mgebuka tuwekee ile ya Fally Ipupa bwana". Nikalipwa elfu 40, nikarudi nyumbani nimenuna, baba akacheka mpaka akakaa chini.

Karibu mwaka mzima nililikimbia lile jina. Nanunua pafyumu naipuliza mpaka kwenye nyaya. Lakini simu zikiingia ni hivi, "samahani ni DJ wa migebuka huyu? Tuna sendoff yetu Katonga". Hakuna hata mmoja, narudia hakuna hata mmoja, aliyewahi kupiga akaulizia DJ Smart. Ndo nikajiuliza mi nabishana na nani hapa, watu wameshanipa jina, wanalikumbuka, wakilitaja wanacheka, na mji mzima hamna mwingine mwenye nalo. Nikatupa tisheti. Nikawa DJ Mgebuka.

Baadae nikaja kusoma habari za DJ Kool Herc nikajisikia nafuu sana. Huyu ni mtu ambaye wote tunaogusa hizi mashine tuna deni lake, Mjamaika aliyehamia New York, jina lake halisi Clive Campbell. Hilo la Herc hakujipa, wenzake shuleni walikuwa wanamwita Hercules kwasababu ya mwili wake na nguvu alizokuwa anatumia uwanjani kwenye kikapu, likakatwa likabaki Herc. Tarehe 11 Agosti 1973 dada yake Cindy alikuwa anatafuta hela ya nguo za kufungulia shule, wakaandaa pati kwenye chumba cha burudani cha jengo walilokuwa wanaishi, 1520 Sedgwick Avenue kule Bronx, wasichana kiingilio senti 25 wavulana senti 50, na matangazo yalikuwa vikadi vidogo vilivyoandikwa kwa mkono. Kwa mkono wana! Leo ile pati inahesabika ndo kuzaliwa kwa hip hop. Sasa mtu ananiambia hawezi kutangaza kazi kwasababu hana hela ya kumlipa mtu wa grafiksi.

Haya tuje kwenye kutangaza kwenyewe, hapa nitakaa kidogo maana ndo nilipochoma hela.

Kosa la kwanza, nilibusti posti, yaani nililipia isambazwe kwa watu wengi. Elfu 20 yangu nikaweka Instagram, nikachagua Tanzania nzima kwasababu nilijiona mkubwa, zikaja laiki karibu mia sita, nikatembea kifua mbele siku mbili. Nikaingia kuangalia ni kina nani, wote Dar, Mwanza, Arusha, Kigoma walikuwa watu kumi na tatu na wanne kati yao ni ndugu zangu. Mtu wa Mbezi atanipigia simu nije na spika kwa treni? Toka Dar mpaka huku ni kilomita zaidi ya elfu moja na mia mbili, ndo maana tunaitwa mwisho wa reli. Siku hizi nikibusti nachagua Kigoma tu na mzunguko wake, na nafanya hivyo wiki mbili tatu kabla ya Shaabani, na tena mwezi wa sita watu wa Kasulu na Buhigwe wakishavuna maharage hela ipo mkononi. Miezi mingine nakausha.

Kosa la pili lilikuwa dropu. Nilimlipa mtu mtandaoni anitengenezee sauti ya Mmarekani, ile nzito, inayounguruma, inataja jina langu alafu inafuatia mlio wa bomu. Nikawa naiweka kila baada ya nyimbo mbili. Harusi moja pale Mwanga mzee mmoja akamfuata MC akamwambia huyu kijana anajitaja kuliko bwana harusi anavyotajwa, harusi ya nani hii? MC akaja akaninong'oneza, nikaizima, na nilikuwa na hasira kweli ila mzee alikuwa sahihi kabisa. Na hata hivyo nani pale ukumbini alikuwa anaelewa yule Mmarekani anasema nini?

Kilichonitoa ni bibi. Siku moja niko kwake Ujiji nafanya mazoezi na hedifoni kachungulia akasema, "Mgebuka huyooo, njooni mle!" kama anavyoitaga wajukuu chakula kikiiva. Bahati simu ilikuwa inarekodi. Nikaikata ile sauti, sijaongeza bomu wala mwangwi, nikaiweka mwanzo wa miksi na katikati mara moja basi. Nikwambie kitu, hakuna pesa niliyowahi kulipa iliyonifanyia kazi kama ile sauti ya bibi ya bure. Watoto mtaani wanaiiga. Nimeingia sokoni mtu simjui kanipigia kelele "huyooo, njooni mle!"

Na miksi zenyewe usizitegee mtandaoni tu zikusubirie watu wenye bando. Hapa kwetu mziki unasafiri kwa memori kadi na flashi. Wale vijana wenye kibanda na laptopu wanaojazia watu nyimbo, hao ndo redio ya mji huu hata kama hawajui. Nilizunguka vibanda vya Mwanga karibu na stendi na vya Ujiji nikawapa miksi ya dakika 45 bure, nikawaambia mteja akija kujaza nyimbo mwekee na hii kama nyongeza. Wengine walikataa, mmoja alitaka soda nikamnunulia. Ndani ya wiki tatu nimepanda hiace ya Ujiji nasikia bibi yangu anaita watu chakula! Konda anaimba. Sikujitambulisha, nikalipa nauli yangu nikashuka, ila moyo ulikuwa unadunda.

Siri ndogo hapa na hii dogo uishike, jina la faili. Usiache "miksi mpya faino 2 ya mwisho kabisa". Andika DJ Mgebuka alafu namba yako ya simu, basi. Redio za magari zile zina kioo kidogo kinachopitisha maandishi ya faili, kwahiyo namba yangu inatembea kwenye kioo cha hiace kutwa nzima. Nilishapigiwa na abiria aliyekaa siti ya mbele, kasoma namba toka Mwanga mpaka Ujiji anaijua kwa kichwa.

Upande wa mtandao nimejaribu vingi. Laivu ya Facebook ilikatwa dakika ya nane ukumbi ukiwa umewaka, kwasababu nyimbo za watu zina wenyewe na mashine inazitambua. YouTube nayo ina mtambo wake unaitwa Content ID toka 2007, we weka miksi ya saa moja uone madai yanavyokuja, kuna wimbo mwingine unazuia vidio nzima. Sasa miksi nzima naiweka Mixcloud, mtandao wa kuwekea miksi, wale wana mikataba na wenye nyimbo kwahiyo haifutwifutwi hovyo, na kwingine kote naweka kipande kifupi tu, tena kipande chenye watu siyo chenye sura yangu. Hili sijafundishwa na mtu, nililiona mwenyewe. Nikiposti mimi nimeinama kwenye mashine nimevaa miwani ya jua usiku, laiki thelathini. Nikiposti bibi wa miaka sabini na kitu anazunguka kiuno taratibu kwenye rumba ya zamani, basi ni kusambaziana mpaka kesho (na muombe ruhusa huyo bibi au wanawe kabla, nilishawahi kufuatwa nyumbani na shemeji wa mtu).

Hapo kwenye rumba ndo penye mtaji wangu hasa. Dogo atasema brandi ni rangi na logo, mi nasema ni kile kitu ambacho watu wakikihitaji kichwa chao kinakuja kwako. Kwangu ni wazee. Kigoma tuko mdomoni mwa Kongo na Burundi, maboti ya Kibirizi yanaenda na kurudi, mziki wa ng'ambo umeingia humu zamani kabla hata mimi na wewe hatujazaliwa. Ujiji kuna wazee wa Kimanyema ambao ukoo wao ulitoka upande ule wa Kindu kule Kongo, na Kindu ndo alikozaliwa mwanamuziki Remmy Ongala mwaka 1947 kabla hajaja Dar 1978. Ukimpigia mzee kama huyo rumba kwenye harusi ya mjukuu wake usimkatie njiani! Rumba ina sebene, ile sehemu ya mwisho magitaa yanapoanza kuongea na watu wanainuka, DJ wengi vijana wanaingiza wimbo mwingine kabla haijafika kwasababu wamezoea kukata baada ya koresi ya kwanza kama bongo fleva. Mi nasubiri. Naiacha dakika nne tano, mzee kashatoka na leso, naingiza nyingine ya mwendo ule ule, alafu polepole napandisha mpaka nafika kwenye singeli vijana wanachukua uwanja. Singeli inakimbia mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, huwezi kuitoa kwenye rumba kwa kuruka tu utawavunja watu miguu, lazima uwe na madaraja katikati, na madaraja yangu siwaambii.

Wenye hela kwenye kamati ni nani? Wazee na wamama. Mi sikulipanga hilo, niligundua tu kwamba kazi zangu nyingi zinakuja zikianza na "baba kasema lazima awe yule kijana wa sebene".

Na kamati ndo penyewe. Huku DJ mara nyingi analetwa na MC, bei anaongea MC, na ukizubaa hata jina lako halitajwi usiku kucha unaitwa "DJ weka wimbo". Nilichofanya nikashona kitambaa cha kufunika meza ya mbele, kitenge cha bluu, fundi wa Lumumba akakidarizi samaki na jina, kwahiyo kila picha ya watu wanaocheza mimi nipo nyuma yao. Sikumuomba MC anitaje. Alafu baada ya sherehe kesho yake naingia kwenye stetasi naweka vipande vitano sita vya vidio nilivyorekodi, nawatumia na maharusi kabla mpiga picha wao hajamaliza kuediti, wanavichukua wanaviweka kwenye stetasi zao, ndugu wote wanaona. Stetasi ya WhatsApp ya bi harusi mmoja ina thamani kuliko folowaz wangu elfu tisa wa TikTok.

Japo hao wa TikTok nao wana hadithi. Nilishangaa wengi wako Marekani, Kentucky, Texas huko, wanaandika Kiswahili chetu kabisa. Kumbe ni watu waliokaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wa Kongo kule Kasulu, wengine walikulia pale kabla ya kuhamishiwa Marekani. Wanasikiliza miksi zangu wakiwa kwenye shifti za usiku. Mwanzo nikasema hawa wanapendezesha hesabu tu, hawana harusi Gungu. Mwaka juzi mmoja akaniandikia, mdogo wangu anaoa Kasulu, mimi siwezi kuja ila nataka mziki uwe wako, tuma bei. Akalipa yote kabla, sijawahi kulipwa yote kabla na mtu wa hapa hapa mjini hata siku moja. Nimeshapiga tatu za aina hiyo, na naweka simu laivu kwenye vidio kolu ili aone, mmoja alilia kule jikoni kwake na sisi huku tunacheza.

Siyo kwamba yote yamenyooka. Kuna ukumbi mmoja siutaji waliweka sura yangu kwenye posta ya mkesha wa mwaka mpya, mji mzima umebandikwa, nikapiga mpaka saa kumi na moja alfajiri, hesabu ikaja kuwa watu hawakuingia wengi kwahiyo nisubiri wiki, na ile wiki haijaisha mpaka leo. Nilichojifunza hapo ni nusu mbele au sibebi hata waya. Na umeme ukikatika katikati ya sebene lawama zako wewe siyo za umeme, nimenunua jenereta dogo kwa ajili ya mashine na spika mbili tu, giza likiingia mziki wangu unaendelea, na kuna watu wananiita kwa ajili ya hilo tu. Vibali na afisa utamaduni siongei sana, nenda kajisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, uwe na karatasi yako mkononi, siku polisi wakija saa saba usiku ndo utajua umuhimu wake.

Dogo wa Gungu aliniuliza pia kama abadilishe jina. Anajiita DJ King. Nimemwambia subiri, piga kazi kumi hata za bure za majirani, alafu tega sikio watu wanakuitaje ukiwa hujageuka.

Baba sasa. Mwezi uliopita kaniomba nimchapishie stika, nikadhani utani, kumbe kazibandika kwenye matenga yake yote pale Kibirizi, samaki wangu wa kwenye logo, jina na namba. Anasema wateja wanaulizia wewe ndo baba yake DJ basi bora waone. Nikafurahi. Juzi saa kumi na moja asubuhi nimelala, nimetoka kupiga harusi Mwandiga, simu inaita namba ngeni, nikajikaza nikaweka sauti ya kazi, DJ Mgebuka hapa karibu. Jamaa wa Kasulu, hata salamu hana muda nayo, anauliza tenga shilingi ngapi leo. Nikamwambia kuna mbalamwezi siku hizi, samaki hawapo, bei imepanda, ongeza kidogo. Akasema sawa nitumie mawili.

Nikaamka nikampelekea baba oda.